Kumhudumia Mgonjwa Mwenye Ugonjwa Mzito kwa Ukamilifu Wake: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uuguzi

Cicely Saunders, ambaye alikuwa muuguzi, kisha afisa ustawi wa jamii, na hatimaye daktari, alifungua Hospisi ya St Christopher's, kituo cha kuwahudumia watu wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967 akiongozwa na jambo alilolijua kwa kuwasikiliza wagonjwa kwa miaka mingi, kwamba maumivu ya mtu anayeugua sana hayatoki mwilini peke yake. Yapo maumivu ya hofu, ya kutengwa, ya madeni na watoto wanaotegemea, na ya maswali kuhusu maana ya maisha, na yote haya huongezeana makali. Wazo hilo ndilo msingi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito na familia yake, kama inavyofundishwa leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 56.8 huihitaji huduma hiyo kila mwaka, na kwamba ni takribani asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Mwaka 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama kuiingiza tiba shufaa katika mifumo yao ya afya na katika mafunzo ya wahudumu wa afya.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa uuguzi anayejiandaa kuingia wodini, na mkufunzi anayemwandaa. Msimamo wake ni kwamba huduma hii ni ujuzi unaofundishika, wala si tabia ya kuzaliwa nayo. Upole unahitajika, lakini muuguzi mpole asiyejua kupima maumivu humwacha mgonjwa akiteseka huku akimpa maneno mazuri. Kinachomtambulisha muuguzi aliyefunzwa vizuri ni kwamba hurudi: akitoa dawa hurudi kuona kama imefanya kazi, akiulizwa swali asiloliweza hurudi na mtu anayeliweza, na akiahidi kumgeuza mgonjwa hurudi kwa wakati.

Kabla ya kuingia wodini

Yapo mambo ambayo hayafai kujifunziwa kwa mara ya kwanza juu ya mwili wa mtu aliyechoka. Kumgeuza mgonjwa bila kuivuta ngozi yake kwenye shuka, kusafisha kinywa cha mtu asiyeweza kukifungua vizuri, kuchoma sindano ya chini ya ngozi, na kubadilisha shuka mgonjwa akiwa bado kitandani ni kazi zinazopaswa kurudiwa katika chumba cha mafunzo kwa vitendo mpaka mikono izizoee. Mwanafunzi alale kitandani mwenyewe, ageuzwe na wenzake, na asafishwe kinywa na mtu mwingine, kwa sababu hapo ndipo hutambua jinsi mkono wenye haraka unavyohisiwa na anayeguswa.

Mazungumzo nayo hufanyiwa mazoezi. Wanafunzi wagawane nafasi, mmoja awe mgonjwa, mwingine ndugu yake, mwingine muuguzi, na wa nne atazame bila kusema. Mkufunzi atoe hali ngumu, kwa mfano mgonjwa anayekataa dawa, au ndugu anayelia kwa hasira. Baada ya zoezi, aanze kuzungumza yule aliyekuwa mgonjwa, aeleze ni neno gani lilimfungua na ni lipi lilimfunga. Wakufunzi wengi huliruka zoezi hili kwa sababu ya ufinyu wa muda, na ni hasara kubwa, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kujua majina ya dawa zote na bado akanyamaza kwa woga mgonjwa anapomwuliza kama atapona.

Mwanafunzi aelewane pia na msimamizi wake wa wodini kuhusu mipaka. Ajue ni kazi gani anaruhusiwa kuifanya peke yake, ni ipi anaifanya akisimamiwa, na ni ipi haigusi kabisa. Habari za ugonjwa ambazo mgonjwa hajaelezwa, mabadiliko ya dozi, na uamuzi wa kusimamisha tiba haviko mikononi mwake.

Hatua ya kwanza: kukutana na mgonjwa

Soma faili kwanza, ili mgonjwa asilazimike kusimulia upya mambo ambayo ameshayasimulia mara nyingi. Kisha weka faili kando. Jitambulishe kwa jina, eleza kuwa wewe ni mwanafunzi na ni nani anayekusimamia, uliza angependa aitwe vipi, na uombe ruhusa ya kukaa. Kaa chini kweli, macho yako yalingane na yake, kwa sababu mtu aliyelala anayezungumziwa na aliyesimama huhisi kwamba mgeni wake yuko njiani kuondoka. Akikataa kuhudumiwa na mwanafunzi, mshukuru na umjulishe msimamizi. Hana deni la kukufundisha.

Swali la kwanza liwe pana: "Ni jambo gani linalokusumbua zaidi leo?" Usikisie jibu. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa shingoni anaweza kusema kwamba kinachomsumbua zaidi ni kutolala, au kwamba hajamwona mwanawe tangu alazwe. Jibu hilo liandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia. Isipokuwa kwamba, akiwa katika maumivu makali, kila kitu kingine kisubiri. Si haki kumwuliza mtu kuhusu familia yake au imani yake wakati anang'ata meno kwa uchungu.

Hatua ya pili: kupima maumivu

Maumivu ni yale ambayo mgonjwa anasema anayo, kwa ukali anaousema. Mwanafunzi ataonywa na baadhi ya watu wodini kwamba mgonjwa fulani anazidisha. Asiyafuate maneno hayo. Mtu aliyeishi na maumivu kwa miezi mingi anaweza kuzungumza kwa utulivu, hata kutabasamu, huku akiwa na maumivu ya 8 kwa 10, kwa kuwa mwili umezoea kutopiga kelele.

Uliza yako wapi, na mwombe akuonyeshe kwa kidole, kwani mara nyingi yako zaidi ya mahali pamoja na kila mahali pana chanzo chake. Uliza yanafananaje: yanabana, yanachoma, yanapiga kama shoti ya umeme, au yanauma kwa ndani bila kukoma. Maelezo haya si mapambo ya faili. Maumivu yanayochoma au kupiga kama umeme huashiria kwamba mishipa ya fahamu imeguswa, na hayo mara nyingi huhitaji dawa za aina nyingine, kama amitriptilini au gabapentini, pamoja na zile za kawaida. Uliza yanaelekea wapi, yalianza lini, nini huyazidisha na nini huyapunguza, na yamemnyima nini: usingizi, kula, kutembea, kukaa na watu. Mwisho uliza ukali wake, kuanzia 0 ambapo hakuna maumivu kabisa hadi 10 ambapo ni makali kuliko anavyoweza kufikiria, na uliza mara mbili, akiwa ametulia na anapojigeuza. Mgonjwa mwenye 2 akiwa ametulia na 9 anapogeuzwa anahitaji dawa itolewe mapema kabla ya kugeuzwa, na jambo hilo halitajulikana kama aliulizwa akiwa amelala kimya.

Mtoto wa umri wa kuanzia miaka 3 au 4 huweza kuonyesha maumivu yake kwa kuchagua kati ya picha za nyuso, kuanzia uso uliotulia hadi unaolia. Mtu mzima aliyepoteza kumbukumbu au asiyeweza kusema hupimwa kwa kutazamwa: upumuaji wake, sauti anazotoa, uso wake, jinsi anavyoushika mwili, na kama anatulizika anapobembelezwa. Mwulize pia ndugu anayemuuguza, kwa sababu anaijua sura ya mgonjwa wake katika siku njema na mbaya kuliko mtu yeyote wodini.

Hatua ya tatu: dawa ya maumivu na hofu zinazoizunguka

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, ukiwa na ngazi tatu za dawa kulingana na ukali. Mwongozo wake wa 2018 unaruhusu kuanza moja kwa moja na dawa yenye nguvu pale maumivu yanapokuwa makali, bila kumlazimisha mgonjwa kupanda ngazi moja moja. Kanuni zilizobaki ni zile zile: dawa itolewe kwa mdomo panapowezekana, itolewe kwa saa, na ipangwe kwa kumfuata mgonjwa huyu na si wastani wa wagonjwa.

Kutoa dawa kwa saa ndiko kunakovunjwa zaidi. Mofini ya kawaida ya kunywa, ambayo ni mojawapo ya dawa hizo zenye nguvu, hufanya kazi kwa takribani saa 4, hivyo anayeipata pale tu anapolalamika huishi akipanda na kushuka kati ya nafuu na mateso, na hujifunza kuiogopa kila saa inayokuja. Ipe kwa wakati, hata kama kwa sasa hana maumivu, kwa kuwa hana maumivu kwa sababu dawa imefanya kazi. Kati ya dozi hizo kuna dozi ya nyongeza kwa maumivu yanayochipuka, ambayo kwa kawaida hulingana na dozi ya saa 4. Tuchukue mgonjwa anayepewa miligramu 5 kila baada ya saa 4, yaani miligramu 30 kwa siku. Kama jana alihitaji dozi za nyongeza 4, jumla yake ilikuwa miligramu 50, na jumla hiyo ndiyo anayoitegemea daktari kupanga dozi mpya. Mwanafunzi haibadilishi dozi, lakini asipoziandika zile nyongeza, daktari atadhani miligramu 30 zinatosha na mgonjwa atateseka siku nyingine nzima.

Kisha rudi. Baada ya dozi ya kunywa, rudi baada ya kama saa 1. Baada ya sindano ya chini ya ngozi, rudi baada ya nusu saa. Uliza namba ile ile ya 0 hadi 10 na uiandike pembeni mwa ile ya mwanzo. Dozi ambayo matokeo yake hayakuandikwa inamwacha anayepokea zamu akianza upya gizani.

Mofini husababisha choo kigumu karibu kwa kila anayeitumia mfululizo, na tatizo hilo haliishi kadiri mwili unavyoizoea, tofauti na kichefuchefu na usingizi ambavyo mara nyingi hupungua ndani ya siku chache. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile, na kila zamu iulize choo kilipatikana lini. Wako wagonjwa waliokataa mofini kabisa, na sababu yao halisi ilikuwa tumbo lililojaa kwa wiki nzima ambalo hakuna aliyeliuliza.

Hofu za mgonjwa na ndugu zake zisikilizwe kabla ya kusahihishwa. Wengi huamini kwamba mofini ni dawa ya kufisha au kwamba mgonjwa atakuwa mteja wa dawa za kulevya. Waeleze kwamba dozi huanzia chini na kupandishwa taratibu kwa kufuata maumivu, na kwamba mwili kuizoea dawa si sawa na uraibu. Usiahidi kwamba haina hatari. Mgonjwa mwenye figo dhaifu huweza kulimbikiza mabaki yake mwilini, na dalili zake ni usingizi mzito, kuchanganyikiwa, na misuli inayorukaruka. Ukiviona, ripoti mara moja. Kama mgonjwa ambaye hayuko katika saa zake za mwisho haamshiki na anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, hiyo ni dharura. Usitoe dozi inayofuata, ita msaada, na fahamu kwamba naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, hutolewa kidogo kidogo kwa maelekezo, ili upumuaji urudi bila maumivu yote kurudi kwa mkupuo.

Hatua ya nne: dalili nyingine, na jinsi zinavyogusa maisha yote

Kukosa pumzi huogopesha kuliko karibu dalili nyingine yoyote. Mkalishe mgonjwa akiinamia mbele kidogo juu ya mito, fungua dirisha, punguza watu kitandani, na elekeza feni ndogo usoni, kwani upepo wa baridi kwenye mashavu na pua hupunguza hisia ya kukosa hewa. Oksijeni humsaidia zaidi yule ambaye kiwango chake cha oksijeni kimeshuka. Dozi ndogo ya mofini nayo hutuliza hisia hiyo, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi waliofundishwa kuiogopa. Na usimwache peke yake hadi atulie.

Kinywa kitazamwe kila zamu, na mtu asiyeweza kunywa alowanishwe midomo mara nyingi zaidi ya hapo. Utando mweupe unaoshikilia ulimi mara nyingi ni fangasi, unatibika, na huenda ndio sababu ya kukataa chakula. Kwenye ngozi, tafuta wekundu usiopotea unapoubonyeza, hasa visigino, nyonga, na sehemu ya chini ya mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo tumia mkono: eneo lenye joto zaidi, gumu, au linalouma kuliko ngozi ya jirani limeanza kuumia. Usilisugue. Mgeuze kwa ratiba iliyopangwa, ambayo mara nyingi ni kila baada ya saa 2, na izidi kulegezwa kadiri faraja inavyotangulia kwa mtu aliye katika siku zake za mwisho.

Kidonda chenye harufu kinastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa kuwa hakuna kinachofundisha ukamilifu wa huduma kwa uwazi kama hicho. Uvimbe wa saratani unapopasua ngozi, bakteria wanaoishi bila hewa hutoa harufu nzito. Harufu humfanya mgonjwa aone aibu, ndugu huanza kukaa mbali, wajukuu huzuiwa wasiingie, mgonjwa huacha kula, na baada ya muda anaandikiwa kwamba ana sonona. Muuguzi anayeitazama sonona peke yake ataomba dawa ya sonona. Anayeanza kwenye kidonda ataomba metronidazoli, dawa inayoua bakteria hao, ya kuweka juu ya kidonda, atakisafisha kwa maji yenye chumvi kwa upole baada ya kumpa dawa ya maumivu, atabadilisha bandeji kabla ya muda wa wageni, na atawaonyesha ndugu jinsi ya kufanya hivyo. Mara nyingi siku chache baadaye kiti cha mgeni husogea karibu na kitanda. Huzuni ikibaki hata hivyo, basi itibiwe kama huzuni.

Zipo hali ambazo hazisubiri zamu ijayo. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kukojoa huenda uti wake wa mgongo unabanwa, na lazima daktari ajulishwe saa hiyo hiyo, kwa kuwa miguu ikishapooza kabisa mara nyingi hairudi. Uso na shingo vinavyovimba ghafla pamoja na kukosa pumzi, damu nyingi kutoka kwenye kidonda, na kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya siku moja au mbili ni vya kuripotiwa kwa haraka hiyo hiyo. Kwa mgonjwa anayetarajiwa kutoka damu, weka taulo za rangi iliyokoza karibu, kwani damu kwenye kitambaa cheupe humtia hofu kubwa yeye na walio naye.

Hatua ya tano: kuzungumza na mgonjwa kuhusu hali yake

Kutoa habari mbaya ni kazi ya daktari au mtaalamu mwandamizi, lakini mgonjwa huchagua mwenyewe wa kumwuliza, na mara nyingi humchagua mwanafunzi, usiku, mwanafunzi huyo akiwa anamfunga bandeji. Mgonjwa anauliza: "Je, nitapona?" Majibu mawili ya haraka hujitokeza, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni "Usiseme hivyo, utapona tu," ambalo ni uongo na linamfungia mlango. La pili ni "Mwulize daktari," likisemwa huku mwanafunzi akiondoka, ambalo linamwambia kwamba swali lake linatisha mno.

Badala yake, acha unachofanya, kaa, na useme: "Umeniuliza jambo zito. Ni nini kimekufanya ulifikirie usiku huu?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi utauona mrefu sana, nawe uuvumilie. Mara nyingi atakuambia kwamba ameona anakonda, kwamba amemsikia mtu akinong'ona, au kwamba anataka kujua kama atafika kwenye harusi ya bintiye. Itikia hisia kabla ya habari: "Naona jambo hili linakutia wasiwasi sana." Halafu useme ukweli wa nafasi yako: "Sina jibu kamili la swali hili, lakini daktari wako analo. Ungependa nimwambie kwamba umeuliza, na ungependa nani awepo wakati huo?" Mweleze utarudi lini, na urudi, hata kama jibu bado halijapatikana.

Ndugu wanaweza kukuvuta kando na kusema mgonjwa asiambiwe chochote. Usiwashutumu, kwa maana wanamlinda kwa njia wanayoijua. Waulize wanachohofia kitatokea akijua. Waeleze kwamba hutamlazimishia habari asizozitaka, na kwamba pia hutamdanganya akiuliza. Njia ya haki ni kumwuliza mgonjwa mwenyewe, mbele ya msimamizi wako, kiasi anachotaka kujua na nani angependa apewe habari. Wapo watakaosema, "Mwambieni kaka yangu, mimi sitaki kusikia." Huo ni uamuzi wake, uandikwe na uheshimiwe, na uulizwe tena baadaye kwa sababu watu hubadilika.

Hatua ya sita: familia, riziki na imani

Uliza ni nani anayeishi naye, nani anamuuguza nyumbani, na nani alikuwa akimtegemea kabla hajaugua. Ugonjwa mrefu hula akiba, huwatoa watoto shuleni, na humchosha anayeuguza hadi naye akaugua. Haya hayamalizwi na muuguzi, lakini yasipoulizwa hayafiki kwa afisa ustawi wa jamii anayeweza kuyashughulikia. Mwulize anayeuguza, akiwa peke yake, analala saa ngapi. Mfundishe kazi moja kwa siku, mwache aifanye mbele yako, na umwandikie saa za dawa kwa herufi kubwa. Watoto wasifukuzwe kitandani kwa kisingizio cha umri. Waelezwe kwa maneno rahisi na ya kweli kwamba mzazi anaumwa sana na kwamba si kosa lao.

Kuhusu imani, wanafunzi wengi hukwama kwa kuogopa kuonekana wanahubiri, au wenye imani yao huvuka mpaka na kuhubiri kweli. Maswali manne yanatosha: ni nini kinachompa nguvu au imani yake ni ipi, kina nafasi gani katika maisha yake na katika ugonjwa huu, yuko na kundi la watu anaoshiriki nao, na angependa wahudumu wafanye nini kuhusu hayo. Asiye na dini ana haki ya maswali yale yale, maana naye huuliza kwa nini anaugua, na huenda anataka kupatana na mtu waliyekosana. Mgonjwa akiomba kiongozi wa dini yake, aitwe huyo, wala si yule aliye karibu zaidi. Akisema anaadhibiwa na Mungu, usibishane naye wala usimpe mafundisho yako. Msikilize, mwulize kama angependa kulizungumza na mtu anayemwamini, na ulifikishe kwa timu.

Hatua ya saba: kuandika na kukabidhi zamu

Andika siku hiyo hiyo, kwa maneno mahususi. "Mgonjwa anaendelea vizuri" halimsaidii mtu. "Maumivu ya nyonga ya kulia 8 saa 2 asubuhi, amepewa dozi ya nyongeza, 3 saa 3 asubuhi; choo hakijapatikana siku ya tatu; ameuliza kama atapona, anataka dada yake awepo" humwezesha anayefuata kufanya kazi. Siri alizokupa mgonjwa ambazo hazihusu matibabu hazina haja ya kuingia kwenye faili, na hazisimuliwi kwenye korido.

Hatua ya nane: siku za mwisho

Mtu anayekaribia kufa hulala muda mwingi, hula na kunywa kidogo sana au hahitaji kabisa, mkojo hupungua, mikono na miguu hupoa na kuwa na mabaka, na upumuaji hubadilika, ukawa na vipindi vya kusimama kisha kuanza tena. Timu ikikubaliana kwamba wakati huo umefika, vipimo visivyobadilisha chochote husimamishwa, na dawa zinazohitajika kwa faraja huhamishiwa chini ya ngozi. Ziwe zimeandikwa mapema, kabla ya kuhitajika usiku: ya maumivu na kukosa pumzi, ya wasiwasi, ya kichefuchefu, na ya makohozi yanayokoroma kooni.

Mkoromo huo huwaumiza zaidi walio karibu kuliko mgonjwa mwenyewe, ambaye kwa kawaida hana fahamu ya kutosha kuuhisi. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, na ueleze kwa utulivu sauti hiyo ni nini. Ndugu wakisisitiza alishwe, waeleze kwamba mwili unaofunga kazi zake hauhisi njaa kama sisi, na kwamba chakula kinaweza kumpalia, kisha wape kazi yenye upendo ule ule: kumlowanisha midomo, kumpaka mafuta mikononi, kumsomea. Zungumzeni karibu naye kama watu wanaosikika, kwa sababu huenda bado anasikia.

Akishafariki, mwenye mamlaka ya kuthibitisha kifo athibitishe na saa iandikwe. Wape ndugu muda, waulize kama kuna desturi au ibada wanayotaka itangulie kabla ya mwili kuguswa, na uuoshe na kuunyoosha mwili kwa heshima ile ile uliyompa mtu huyo jana.

Kwa mkufunzi: kumlinda na kumpima mwanafunzi

Mwanafunzi asikutane na kifo cha kwanza peke yake. Siku hiyo hiyo, kaa naye mahali pa faragha, mwulize alichokiona, alichofanya, kilichomkaa moyoni, na angefanya nini tofauti. Kulia si kosa. Kutoweza kulala kwa wiki kadhaa, kukwepa vyumba fulani, au kuanza kuwazungumzia wagonjwa kwa ubaridi ni dalili zinazohitaji msaada wa mshauri. Daftari la tafakuri ni zuri mradi halina jina la mgonjwa wala kitu cha kumtambulisha.

Mtihani wa karatasi hauwezi kuthibitisha ujuzi huu. Mtazame mwanafunzi kitandani, katika wodi halisi, kwa wagonjwa zaidi ya mmoja: akipima maumivu yakiwa yametulia na yanapochokozwa, akihesabu jumla ya mofini ya siku iliyopita, akisafisha kidonda, akiitikia swali gumu bila kudanganya wala kukimbia, na akikabidhi zamu. Mwulize pia mgonjwa, kwa ridhaa yake na mwanafunzi akiwa hayupo, kama alisikilizwa. Ambaye kwenye faili zake kuna namba ya maumivu kabla ya dozi na hakuna ya baada yake, usimsainie bado. Mpangie zamu nyingine, na umtazame tena.